Nyekundu Iliyotoka Kihengeni

Vijana mnaokuja hapa kwangu kuniuliza habari za uchoraji, karibu wote mnaanza na swali moja: Bibi, ile nyekundu ya kwenye picha ya Mwazye uliinunua duka gani? Mnauliza mkiwa mmesimama, simu mkononi, mnadhani nitataja duka mwende zenu. Kaeni kwanza. Nyekundu ile haikutoka dukani. Niliitoa kwenye kihenge cha ulezi, na ilikaribia kunivunjia jina mji mzima wa Sumbawanga wakati nimebakiza kidogo tu nipumzike.

Mimi kazi yangu ilikuwa ya rangi, rangi ya kila namna. Nimeandika mabango ya maduka, milango ya magari, kuta za shule za watoto wadogo, na maneno yale ya nyuma ya malori ambayo dereva anakuja nayo kichwani na hataki ubadilishe hata herufi. Picha zenyewe, za kutundika, nilichora chache kwa sababu wenye kuzitaka walikuwa wachache. Siku hizi mabango yanachapwa kwenye mashine, yanatoka yamenyooka na yanapauka jua likiyapiga. Simlaumu mtu. Mgongo wangu wenyewe ulishakataa ngazi kabla mashine haijaja.

Aliyenifundisha ni marehemu Fundi Leonsi, mtu wa Muze kule bondeni, mfupi, mkali, mpenzi wa kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi. Nilipomwendea nikiwa msichana, watu wakamwambia mwanamke hapandi ngazi. Akawajibu kwamba avae suruali, apande, na anayeona vibaya atazame kwingine. Basi nikavaa suruali ya kaka yangu, nikafunga kamba kiunoni, maisha yakaanza.

Sasa sikilizeni habari ya mlima. Siku moja nilipewa ukuta wa ukumbi nichore milima ya Mbizi. Nikachora vizuri mno, bluu ya kupendeza, mawingu meupe, kila mtu akisimama anasifu. Fundi Leonsi akaja, akaangalia, akaniuliza kama nimewahi kupanda kule. Nikasema ndiyo, na shule. Akauliza kulikuwaje. Nikasema baridi, upepo unasukuma, ukungu ulishuka tukashindwa kuonana, nikalia.

"Wewe ulilia," akasema. "Mbona mlima wako unacheka?"

Akachukua tambara, akalichovya kwenye zambarau iliyochanganyika na kahawia, akalipitisha juu ya bluu yangu yote bila hata kunihurumia. Halafu akafuata na nyeupe chafu, mpako mmoja tu, kwa ubapa wa brashi kavu, ukungu ukashuka. Nilitaka kumrushia kopo. Lakini niliporudi nyuma kutazama, mwili ulinisisimka, nikakumbuka mkono wa mwalimu ulivyonishika kwenye ule ukungu. Miaka mingi baadaye kijana mmoja mwalimu wa sanaa alinieleza kwamba picha za namna hiyo zina jina lake, mandhari ya ishara, maana yake rangi haisemi kitu kilivyo, inasema kilivyomwingia mtu. Nikafurahi kujua. Fundi Leonsi yeye hakuwa na jina lake, alikuwa na tambara.

Jambo la pili alilonifundisha ni mikono. Alikuwa ananifumba macho, ananipeleka kwenye ukuta wa tofali, gome la mti, gunia, mgongo wa ng'ombe, ananiambia sema hii ni rangi gani. Mwanzo nilimwona amelewa. Baadaye nikaelewa kwamba kahawia laini na kahawia ya kukwaruza ni rangi mbili, hata kama zimetoka kopo moja. Ndiyo maana rangi zetu tulizitia vitu: mchanga wa mtoni uliochekechwa, majivu, vumbi la mbao, na mavi ya chuma. Msicheke. Mavi ya chuma ni yale mabaki yanayookotwa penye matanuru ya zamani, wazee wetu wa Ufipa walipokuwa wanayeyusha chuma. Ukiyatwanga na kuyachekecha yanatoa weusi wenye mng'ao wa mbali, dukani hutaupata.

Ila alikuwa na sharti moja asilolegeza: kitu chochote cha shambani kabla hakijagusa ubao kipite kwenye kikaango. Nafaka, mbegu, maharage, kaanga kwanza. Sharti hilo alilipata kwa aibu. Zamani, kabla yangu, alichora picha ya mavuno ya kutundikwa kwenye ukumbi mmoja wa kanisa, akabandika maharage halisi kwenye kapu alilolichora. Yakapendeza kweli. Baada ya muda mama aliyekuwa anafagia akaanza kulalamika kwamba kila asubuhi anakuta unga chini ya ile picha, picha gani hii ina mba. Kumbe wadudu wako ndani wanakula maharage kwa raha zao. Siku ya sikukuu, ukumbi umejaa, kapu zima likadondoka miguuni kwa wageni. Fundi Leonsi alinisimulia hayo huku amekunja uso, na mimi nimejificha nyuma ya ngazi nacheka.

Haya, sasa Mwazye.

Palikuwa na kijana mmoja, Deo, ananunua na kuuza mahindi hapa sokoni. Bango lake niliandika mimi. Akaja kwangu asubuhi hana raha. Mama yake, Bibi Gaudensia, Deo alikuwa amemtoa kijijini kwao Mwazye akamleta mjini akae naye. Baba alikuwa amefariki, nyumba ya kule ukuta mmoja umelala kwa mvua, na mama alikuwa ameanguka shambani akakaa hapo hadi jioni bila mtu kujua. Deo akasema basi, imetosha. Akamjengea chumba kizuri, godoro, blanketi mbili. Bibi akakaa wiki, akafunga vitu vyake kwenye kanga, akaenda stendi kutafuta gari la Matai ili aunganishe kwenda kwake.

Wakamrudisha. Akaenda tena. Kifurushi hakikufunguliwa kabisa, kilikaa nyuma ya mlango wa chumba chake kikiwa kimefungwa, na kila kukicha mkwe wake, mke wa Deo, anaanza kwa kuchungulia kama kipo. Mara ya mwisho alifanikiwa kupanda gari, akasahau aliposema anashuka, akateremka katikati ya njia, akaanza kutembea kwa miguu. Mvua ikamkuta. Wapita njia walimwona ameketi kando ya barabara anatetemeka, hawezi kusema jina lake. Na baridi ya Ufipa mnaijua.

Deo akaniambia, "Mama Oliva, safari nyingine tutamleta amekufa. Nichoree kwao. Labda akipaona kila siku atatulia."

Nilimwonea huruma, na nitasema ukweli nilijiona fundi. Tukaenda naye Mwazye, nikakaa kutwa nzima nikichora kwenye karatasi. Nikarudi nikapaka kwa rangi ya mafuta: majani mabichi, mbingu ya bluu, nyumba nimeisimamisha ule ukuta, bati linang'aa. Nikapiga vanishi. Picha ya kuweka kwenye kalenda.

Bibi Gaudensia akaletewa kiti sebuleni kwa Deo. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama ile picha kwa heshima sana, kichwa upande.

"Pazuri," akasema. "Hapa ni kwa nani?"

Deo akasema ni kwako, Mama, Mwazye. Bibi akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani. Kesho yake mkwe akamkuta stendi. Nilipopata habari niliweka brashi chini. Si kwamba wameitupa picha yangu, imetundikwa sebuleni na wageni wanaisifu. Lakini mwenye kuihitaji haikumfaa, na mvua zenyewe za msimu zilikuwa zinakaribia kuanza, na safari hii akishuka tena njiani nani atamwona?

Nikarudi kwa Bibi. Sikwenda na karatasi. Nilikwenda tukachambue maharage, yeye na mimi, jikoni kwa Deo, lile jiko la nje la kuni, maana ndipo anapopenda kukaa. Mimi ni mtoto wa mjini, baba alikuwa fundi cherehani, jembe nimelishika shuleni tu. Kifipa nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema. Nikamwomba anisimulie kwao kulivyo.

Mnajua hakutaja nyumba? Hakutaja hata kilima. Alinisimulia ntumba. Wengine wenu wa mjini kama mimi hamzijui: mvua zikielekea mwisho, nyasi zikiwa ndefu, watu wa kwetu wanazikata kwa jembe pamoja na udongo, wanazirundika na kuzifukia ziwe matuta ya mviringo, shamba zima vichuguu vitupu. Nyasi zinaoza mle ndani, na mvua za mwaka unaofuata zikija matuta yanasambazwa, ulezi unapandwa juu ya hiyo mbolea. Alinisimulia mgongo unavyouma. Alinisimulia marehemu mumewe, Oresto, anavyolima huku anaimba na matuta yake yamekaa upande. Alinisimulia mwaka mvua ilipochelewa, wakawa wanatoka asubuhi kutazama mbingu yenye rangi ya majivu, wanarudi ndani.

Halafu akasimamisha mikono kwenye maharage.

"Shamba lenyewe baya, lina mawe," akasema. "Lakini asubuhi na baridi ile, unaingiza mkono ndani ya ntumba. Mle ndani kuna joto."

Nilirudi nyumbani mbio mbio kama ninafukuzwa.

Nikachukua ubao mpya wa plaiwudi. Mbingu sikuipa bluu hata tone. Niliipa majivu yaliyotiwa njano kidogo, njano ya wasiwasi, nikaipaka kwa vidole ili isitulie. Vilima nikavipiga kwa mavi ya chuma, vizito, vya mbali, vya kukwaruza. Nyumba sikuiweka. Shamba likachukua karibu ubao wote. Deo alikuwa ameniletea gunia la udongo wa kwao na nyasi kavu. Nikauchanganya udongo na nyasi zilizokatwakatwa na gundi ya unga wa muhogo, nikajenga ntumba juu ya ubao kwa kisu cha pati, kile bapa cha kuzibia nyufa, moja moja, zimetokeza hasa, unaweza kuzishika. Tuta moja nikaliacha limekaa upande.

Kila tuta nililipasua kidogo ubavuni. Humo kwenye ufa ndipo nilitaka lile joto. Nje kila kitu kijivu, baridi, ndani nyekundu. Nikatia nyekundu ya kopo, ikapiga kelele kama bango la soda. Nikaipunguza kwa kahawia, ikawa kidonda. Nikatia udongo mwekundu wa tofali, ukalala, ukafa. Siku tatu nne ninatia na kukwangua.

Hapo nikaukumbuka ulezi. Nikaenda kwa jirani ana kihenge, nikaomba bakuli. Nikaumimina kiganjani juani, na ndiyo hiyo rangi, nyekundu inayoelekea kahawia, yenye punje, ina uhai. Nikawasha jiko, nikaweka kikaango, kama nilivyofundishwa. Nikakaanga konzi moja. Ukawa mweusi. Nikakaanga tena kwa moto mdogo, ukawa rangi ya kahawa. Joto lote limeondoka.

Nikasimama pale na kikaango. Fundi Leonsi alikuwa ameshazikwa siku nyingi, lakini nilimsikia kabisa na ile sauti yake ya kimpumu. Nikamjibu kwa sauti kubwa, mjukuu wangu alidhani nazungumza na simu: samahani Fundi, leo hapana. Nikaujaza ulezi mbichi kwenye nyufa zote. Vanishi sikupiga, maana ingeleta mng'ao, na ntumba haing'ai.

Deo alipokuja kuuchukua ule ubao aliusogeza kwanza mlangoni kwenye mwanga. Akasema, Mama Oliva, usikasirike, mbona mbingu ni ya njano, na nyumba iko wapi? Nikamwambia mpelekee mama yako. Moyoni nilikuwa naogopa kuliko yeye, kwa sababu nikikosea mara hii sina jingine.

Bibi Gaudensia hakukaa kwenye kiti. Alisogea mpaka karibu kabisa, macho yake hayakuwa mazuri, akanyoosha mkono. Akapapasa tuta la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika kwenye lile lililokaa upande akasimama hapo hapo. Kidole kikaingia kwenye ufa, kikatulia juu ya ulezi.

"Oresto huyu," akasema. "Nimemwambia mara ngapi."

Deo alitoka nje. Bibi akaamuru picha isitundikwe sebuleni, iende jikoni kwake, ukutani karibu na anapokaa. Nani angebisha?

Wiki ile hakwenda stendi. Iliyofuata pia. Lakini mkwe akaniambia kifurushi bado kiko nyuma ya mlango, kimefungwa vilevile. Kwa hiyo nikafurahi nusu.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja Deo akapiga simu, sauti ya mtu anayejizuia. Picha yako, Mama Oliva, njoo uione, imeharibika. Akakata. Nikakusanya kisu cha pati, msasa, kopo la vanishi, nikaenda. Nilipofika majirani walikuwa wamejaa mlango wa jikoni wanachungulia, wengine wamejishika midomo. Mmoja akaniuliza kama na mabango yangu yanazaa.

Ulezi ulikuwa umeota. Kila ufa umetoa vinyasi vya kijani, vyembamba, vimesimama, ntumba zangu zote zina nywele. Udongo umelowa, gundi imelainika, tuta moja limeanza kuteleza. Nikamwona Fundi Leonsi wazi, amekunja mikono. Mvuke wa sufuria, nikajisemea, na unyevu wa mvua, nimejitakia. Nikamwomba Deo radhi mbele ya watu wote, nikamwambia nitakwangua kila kitu na safari hii nitakaanga. Nikatoa kisu.

Bibi Gaudensia alikuwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya picha, ana kikombe cha maji magotini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba si mvuke. Alichovya vidole, akanyunyiza ukutani taratibu, kama mtu aliyefanya hivyo asubuhi nyingi. Kisha akanipiga mkono na kisu kikaanguka.

"Ukwangue nini?" akaniuliza. "Umeshachomoza huu."

Nikamwambia Bibi, nitairudisha kama ilivyokuwa, ni siku chache tu. Deo akadakia kwamba Mama, picha imeoza. Bibi akatutazama wote wawili kwa zamu kama watu wasio na akili.

"Na mimi ndiyo nilikuwa nataka kwenda Mwazye," akasema. "Huku nani angepalilia?"

Nilipokuwa natoka nikaona kwenye kamba ya nguo ile kanga ya kifurushi. Imefuliwa, imeanikwa chini ya upenu isilowe, na nyuma ya mlango wa chumba hapakuwa na kitu. Mkwe alikuwa anaitazama pia. Tulishikana mikono tu, yule binti akalia.

Vile vinyasi vilikufa baadaye, mnajua ulezi hauishi kwa gundi ya muhogo. Sikuigusa picha mpaka leo, imebaki na mashimo na ule weusi wa moshi, na nikipita pale naiona nzuri kuliko nilivyoiacha. Kwa hiyo sheria ni ileile aliyonifundisha Fundi wangu: kaangeni. Msije mkasema Bibi Oliva alituambia tubandike mbegu mbichi, mkaotesha msitu kwenye sebule za watu. Lakini mkifika mahali nyekundu ya kopo inapiga kelele na ya kikaango imekufa, hapo mtakuwa peke yenu na bakuli lenu, kama nilivyokuwa mimi.

Mvua zilipoelekea mwisho, Deo akanipigia tena. Nikaenda nikijua safari hii ni kesi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kiwanja cha nyasi alichotaka kuweka mashine ya kusaga nafaka. Bibi Gaudensia alikuwa amekimaliza chote. Ntumba kila mahali, zimepangwa sawasawa, na moja, pembeni, ameikalisha upande makusudi. Deo amesimama katikati hajui acheke au afanyeje. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kuuma masikio.

Bibi akaniita kwa mkono. Nikamwamkia, akaitikia, hakungoja nimalize habari za nyumbani. Akanishika kiganja hiki hiki cha rangi, akakiingiza ndani ya tuta mpaka kwenye kifundo. Mle ndani kulikuwa na joto kweli.